Nilimvua Shanga Mke wa Mtu Aliye Hai

Kosa ni langu. Usinitafutie mzungu wa kusingizia, hakuwepo. Mkalimani nilikuwa mimi, Mturkana wa Lodwar, na mila zetu nazijua.

Tulikuwa tunarekodi filamu ya shirika fulani kuhusu watu walioinuka tena baada ya ukame. Mama mmoja wa upande wa Kalokol, nitamwita Akiru, mifugo yao iliisha yote. Sasa yeye na mumewe wana mbuzi tena. Siku ya kamera alijipamba, shanga kutoka mabegani mpaka kidevuni. Jamani, alipendeza!

Dairekta akasema amependeza mno. Alitaka kwanza picha ya siku za shida. "Mwambie avue hizo shanga."

Kwetu mwanamke aliyeolewa havui shanga hivi hivi. Akivua, amefiwa. Akiru alinishangaa: "Mume wangu yuko hai, watoto wako hai. Nivue namlilia nani?"

Hapo ndipo ningekataa. Lakini jua lilikuwa kali, nimechoka, na niliogopa hawataniita kazi nyingine. Nikamwambia, "Dada, ni picha tu. Dakika tano." Akavua, akanipa nimshikie. Zilikuwa nzito.

Video ikazunguka kwa simu. Mumewe alikuwa malishoni huko Nakalale. Aliposhuka Kakuma sokoni, mtu akamwonyesha. Akadhani mtoto amekufa. Alidandia lori mbio mpaka nyumbani Kalokol, akakuta watoto wote wawili wazima, wanacheza.

"Kama si mtoto, ulikuwa unanililia mimi?"

Akiru alieleza mpaka sauti ikakauka. Wazee wa ukoo wa mume wakasema mke aliyemwekea mumewe matanga akiwa hai amemwitia kifo. Nilienda kuwaeleza. Wakaniambia ninyamaze, si mimi ndiye niliyezishika hizo shanga? Akiru akarudishwa kwa wazazi wake, kwao Kainuk. Watoto wakabaki kwa baba.

Nilimfuata kumwomba msamaha. Sikulia, hata sasa silii, sijui nina nini. Alinipa maji, akauliza, "Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Nikanywa maji yake, nikaondoka.

Nyinyi mnaotafsiria watu wa kamera, nawasihi! Dairekta hajui mila za watu, wewe unazijua. Kataa hapo hapo, hata kama utarudi nyumbani bila kazi. Mimi sikukataa, na kuna watoto wawili Kalokol wanalala bila mama yao.