Ukoko wa Walioshika Mkia

Mpaka leo mtu akinisifia kambi za darasa la saba natamani kumziba mdomo. Nimekaa kambini miezi mitatu, kijiji kimoja upande wa Usoke, na nayajua mambo yake.

Kwetu ni Kitete, mjini Tabora, baba fundi cherehani. Mama alisikia kwamba shule anayofundisha shangazi, huko kwenye mashamba ya tumbaku, inafaulisha kuliko za mjini, akanihamishia huko. Kambi yenyewe ilikuwa darasa lililotolewa madawati, wasichana tumelala chini kwenye mikeka. Msimamizi alikuwa mwalimu wa kambi, aliyejiona kagundua elimu. Ugunduzi wake ulikuwa mmoja tu: chakula kipakuliwe kwa maksi. Kila Jumamosi jaribio, kisha orodha mpya ukutani. Wa kwanza anapata ugali wa moto na maharage yaliyo maharage. Ukiwa nyuma unakunywa maji yenye rangi ya maharage. Watatu walioshika mkia walikosha masufuria, na chakula chao kilikuwa ukoko walioukwangua humo. Bwana yule aliita hiyo motisha. Wazazi walipoelezwa kikaoni walipiga makofi, wajinga wale.

Mimi nilikuwa wa kwanza, na niseme ukweli, foleni ile ya chakula niliipenda. Niliwadharau wa nyuma kwa raha zangu, hasa jirani yangu wa dawati, msichana wa pale kijijini aliyeshika mkia kila wiki wala haoni haya. Kilichonichanganya ni kwamba kujumlisha sehemu, hesabu iliyokuwa ikinitoa machozi, alinifundisha yeye, kwa njia fupi kuliko ya mwalimu.

Jumamosi moja nilimwona kwa macho yangu. Aliandika jibu, sahihi kabisa, akalitazama, akalifuta, akaweka takataka. Baada ya chakula nikamfuata nyuma ya jiko. Alikuwa anaanika ukoko juu ya jiwe, ameupanga kipande kipande kama wanavyoanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha wanavyoweka akiba kwa ajili ya kiangazi.

"Kumbe unafanya makusudi," nikamwambia.

"Sasa nikiwa wa kwanza nitawapelekea nini nyumbani?" akasema bila kugeuka. "Ugali wa moto haukai. Huu mama anauchukua Jumapili, wadogo zangu wanauloweka wanakula. Mwaka huu baba kalima tumbaku tupu, na soko bado."

"Na mtihani?"

"Mtihani nitaujibu wote, utaona. Ila usimwambie mwalimu, wewe mtoto wa mjini."

Nikaapa wallahi.

Wiki tatu kabla ya mtihani mwalimu akatangaza mstarini kwamba watatu wa mwisho wafungashe, wasije kumharibia wastani. Wazazi wao aliwaita ofisini akawaambia watoto hawa hawana kichwa, wakae nao shambani, hata siku ya mtihani wasihangaike kuwaleta. Nao wakamshukuru. Mtu kakutukania mtoto wako, wewe unamwambia asante mwalimu.

Jirani yangu alipotoka na mkeka wake kwapani, alisimama mbele ya mstari wetu akanitazama. Alikuwa ananisubiri. Kiapo chenyewe alikuwa amekwisha kunifungulia kwa macho, na sentensi moja tu ingetosha: huyu anajua, mpeni karatasi nyingine mbele yenu aijibu. Nikainamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Miaka mingi nilijidanganya kwamba nilikuwa natunza siri. Siri gani? Nilijua akijibu kwa haki mimi nitakuwa wa pili.

Mwalimu yule namdharau kwa moyo wangu wote, lakini yeye angalau hakujua. Aliamini kweli kwamba maksi zake zinapima kichwa cha mtu.

Siku ya mtihani dawati lenye namba yake lilikaa tupu kando yangu tangu asubuhi mpaka karatasi ya mwisho. Swali la kujumlisha sehemu lilikuwepo. Nililifanya kwa njia yake, nikafaulu, na wazazi wakapiga makofi tena.