Baba anadhani "mnufaika" ni cheo, na mimi naolewa kwa ajili ya kalenda

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tuko sawa basi mambo. Jina langu lifiche, na la kampuni lifiche zaidi, maana huku Simiyu tunajuana. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, wazazi wangu ni wakulima wa pamba Itilima. Kiswahili changu mtanivumilia, nyumbani tunaongea Kisukuma tu.

Iko hivi. Kampuni moja inayonunua pamba ilitangaza kuwasomesha ufundi bure vijana wa vijijini. Nikachaguliwa, nikapelekwa Bariadi mjini kujifunza kuchomelea vyuma. Jamani, nilipenda! Geti langu la kwanza lilipinda kama mguu wa nyuma wa mbuzi, lakini mwalimu alisema mkono wangu umetulia. Kwenye kufundisha sina cha kuwalaumu, walinifundisha kweli.

Siku ya kufunga mafunzo wakaja wageni na kamera. Tukavalishwa fulana mpya, mgongoni imeandikwa MNUFAIKA. Mimi nikatolewa mbele nipigwe picha, nikapewa kofia ya kuchomelea, glavu na mashine mpya inang'aa. Umeme ulikuwa umekatika. Mpiga picha akasema, "Usijali dada, cheche tutaziweka kwenye kompyuta." Picha ilipoisha wakaomba vifaa virudi, kuna darasa jingine linakuja. Nikaondoka na cheti na ile fulana.

Basi wakatoa kalenda, mimi ndiye niko juu, cheche zinaruka utafikiri nataka kuunguza mji. Hapo ndipo nilipokoma. Nazunguka karakana za Bariadi kuomba kazi, naikuta sura yangu ukutani. Fundi mmoja akaitazama kalenda, akanitazama mimi, akacheka: "Dada, hapa tunabeba vyuma, hatupigi picha." Mashine ya kwangu mwenyewe sina. Nikarudi nyumbani kupalilia pamba.

Sasa baba. Baba yangu hajasoma, na hilo neno "mnufaika" hakuwahi kulisikia. Aliliona kwenye fulana, akaomba mwalimu wa jirani amsomee, na toka siku hiyo anawaambia watu, "Binti yangu ni mnufaika wa kampuni." Wakimuuliza ndiyo nini, anajibu ni cheo, meneja akitoka anafuata yeye. Mbona yuko shambani? Anasema kampuni za pamba zinafanya kazi kwa msimu, msimu ukifunguliwa wataniita. Na kweli kampuni za pamba ni za msimu, kwa hiyo kila mtu anaamini.

Nilikuwa na mchumba, mkulima mwenzetu wa Ipililo, tunapendana. Akaleta wazee wake kwa heshima zote. Baba akawaonyesha kalenda, akataja ng'ombe ambao ukoo wao mzima hawana. Wazee wale wakainuka bila kugusa chakula. Mchumba wangu akanipigia simu analia kwa hasira: "Baba yako hatuozeshi mke, anatuuzia kalenda."

Nikamfuata baba. Nikamwambia, "Baba, mnufaika ni mtu aliyesaidiwa tu. Sina kazi, sina cheo." Akaniangalia kwa huruma, admin, kwa huruma! Akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, najua unampenda yule kijana. Usijishushe ili akuoe bure." Nikachoka kabisa. Mama alikuwepo, akainamia sufuria.

Nikapanda gari mpaka ofisini kwao Bariadi. Nikamwomba yule mama anayesimamia miradi ampigie baba simu, amwambie neno moja tu, kwamba mimi si mfanyakazi wao. Alinikaribisha vizuri, akaniletea soda. Akasema, "Mdogo wangu, nakuelewa, lakini wewe ndiye sura ya mradi. Wafadhili wakisikia huna kazi, darasa lijalo halipo. Utawanyima wenzako?" Halafu akaniomba nije kutoa ushuhuda siku ya wageni, nivae ile fulana. Mdogo wangu wa kike yuko kwenye hilo darasa lijalo. Soda sikuimaliza.

Nikiwa bado nawaza, baba akampata mwingine. Ni mfugaji wa Mwamapalala, umri wake na wa baba haujapishana sana, ana wake wawili. Hakubishana hata ng'ombe mmoja, maana anajua anaoa mke mwenye kazi ya kampuni. Ng'ombe wamekuja. Mimi nalia ndani, nje wanashangilia. Wiki hiyo hiyo baba akachukua wengi wa ng'ombe hao akamlipia kaka yangu mahari, na mke wa kaka yuko hapa nyumbani tayari, tunasonga wote ugali. Ni msichana mpole, ananiita wifi kwa furaha kabisa. Nikisema ukweli sasa hivi, yule mzee anadai ng'ombe wake, na huyu binti wa watu anarudishwa kwao. Nikinyamaza, naenda kwa mzee anayesubiri cheo ambacho hakipo. Msimu utafunguliwa, nami sitaitwa na mtu. Siku hiyo atanifanya nini, Mungu ndiye anajua.

Mchumba wangu hapokei simu tena. Nasikia anatafutiwa mke kwingine. Simlaumu.

Jana huyo mzee kanipigia. Anaongea taratibu, wala si mtu mbaya, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Akanisalimia, akauliza hali ya shamba, halafu akasema, "Mama, kawaulize mabosi wako wakupe likizo ya harusi, nisije nikakuharibia kazi." Nikamwambia sawa, nitauliza.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, matusi wekeni pembeni, nishaurini kama mdogo wenu. Hiyo likizo nikamuulize nani?