Mchoma Mkaa Aliyengoja Jua

Pale Rungwe Mpya hakuna anayemwita Harerimana kwa jina lake. Anaitwa Mzee Jua. Jina kapewa na Gharibu, tajiri wa mkaa anayekuja na Fuso kutoka Kasulu mjini kubeba magunia.

Wazazi wa Harerimana walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku. Baba yake alichoma mkaa, naye akachoma mkaa. Macho yake mekundu mwaka mzima, na ukisikia kikohozi unajua anapita njia ipi.

Tanuri la mkaa lina hila. Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, moto unatembea kwa ndani. Udongo ukipasuka hewa ikaingia, mkaa wote unakuwa majivu, kwa hiyo lazima mtu apande juu azibe. Lakini chini huko kuna mahali magogo yameshaliwa, limebaki shimo la makaa na ganda la udongo juu yake. Kwa hiyo Harerimana haweki mguu kabla ya kugonga na mti. Udongo ulioshiba unajibu kwa uzito. Ulio mtupu unalia kama mtungi. Baba yake alimfundisha kwa fimbo za vigimbi vya miguu, kila aliposikia vibaya.

Binti yake Akimana aliacha shule kama sisi wengine, akataka kazi hiyo.

"Data," akamwita baba yake kwa Kirundi, "nifundishe kugonga."

Na angefundishwa, isingekuwa redio. Redio ilisema Wafaransa wameushika moto kama wa jua ndani ya mashine dakika ishirini na mbili. Hauli kuni. Wanachukua haidrojeni, ile iliyomo kwenye maji, wanaipasha mpaka chembe zake zinaungana, na kuungana huko kunatoa joto. Moshi hakuna. Na kwa kuwa hakuna chungu cha kuushika moto wa namna hiyo, wanaubana kwa sumaku.

Harerimana akaenda kumwambia Gharibu, watu wakiwa wanapakia magunia.

"Dakika ishirini na mbili!" Gharibu akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mzee, maharage yetu hata hayajalainika! Nami nimeisikia redio hiyo. Si wamesema umeme wanaoutia bado ni mwingi kuliko wanaoupata?"

"Mtoto akisimama dede humcheki kwa kuwa hajakimbia."

"Huyo mtoto anasimama dede tangu babu yangu yuko hai. Pakieni jamani, kabla Mzee Jua hajatuzimia biashara!"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Ila Harerimana alikuwa ameshaamini. Kuanzia hapo Akimana akisogelea tanuri anafukuzwa kwa fimbo.

"Nikufundishe kitu kinachokufa? Wewe utapikia jua, mwana wanje, mwanangu. Toka kwenye moshi."

"Jua lenyewe linakuja lini, Data?"

"Liko njiani."

Masika hii malaria ilimwangusha Harerimana tanuri likiwa linawaka. Amelala mkekani anatetemeka, mke wake yuko shambani. Asubuhi hiyo Akimana akaona moto umetoboa ubavuni kwa juu, ulimi mwekundu unatoka. Mavuno yao yote ya miti yalikuwa mle. Akachukua koleo. Mti wa kugongea ulikuwa umeegeshwa ukutani, akaupita, akapanda juu ya tanuri. Hakuna aliyemfundisha kuutumia.

Aliziba tundu vizuri tu. Aliporudi nyuma hatua moja, ganda likaachia.

Tulimvuta sisi majirani. Mguu wa kulia ulikuwa ndani hadi goti. Harerimana alitoka akitambaa, homa imempanda, anaita, "Gonga kwanza! Gonga kwanza!" wakati binti tayari yuko juu ya pikipiki anapelekwa hospitali ya Kabanga. Mguu ukakatwa. Na tanuri, kwa kuwa tulilifumua tukimtoa, likaungua lote.

Gharibu alikuja kuwapa pole, na sukari na sabuni. Kisha, kama mtu asiyeweza kujizuia kujikuna:

"Haya, Mzee Jua. Wamefikia wapi wale?"

Akimana ndiye aliyejibu, kutoka mkekani: "Wako njiani, baba Gharibu. Wanakuja kwa miguu."

Siku hizi kuna tanuri jingine. Akimana anakaa kwenye gogo anashona midomo ya magunia. Juu ya udongo yuko mdogo wake Niyubahwe, kitoto chembamba, ameshika mti unaomzidi urefu. Baba yake kasimama nyuma yake na fimbo. Redio imetundikwa kwenye tawi.

Juzi nilipita, redio inasema wataalamu wa ule moto wa jua wamepiga hatua nyingine, ila mitambo ya kuuza umeme huo huenda ikachukua miaka mingi bado. Niyubahwe akageuza shingo kusikiliza.

Fimbo ikamtua kwenye kigimbi.

"Sikiliza udongo," Harerimana akasema.