Yangeyange wa Burgao

Juzi nilimpeleka binti yangu kwenye bustani ya mikoko hapa Mombasa, ile yenye njia ya mbao. Alipowaona yangeyange wamejaa matawini alipiga makofi akishangilia, nao wakaruka wote. Mkono wangu ulimziba mdomo kabla sijajua ninafanya nini.

Alasiri moja utotoni mwangu, kijijini kwetu Burgao, mama alikuwa ametuvalisha nguo za Idi, moja juu ya nyingine, zikinukia udi. Nikajua tunakwenda kutembea. Tukaingia mikokoni nyuma ya kijiji, tope likinifika magotini, kaa wakikimbilia mashimoni. Juu yetu matawi yalikuwa meupe kwa yangeyange. Nilitaka kuwaita.

"Nyamaa, mwanangu," mama alininong'oneza. "Usiwarushe ndege."

Nilimpenda kwa kuwahurumia ndege. Tulikaa kimya hadi maji yakajaa na mashua ya mjomba ikaja kutuchukua. Burgao sijaiona tena. Leo naelewa: lau ndege wangeruka, wenye bunduki waliokuwa kijijini wangejua tulipojificha.

Binti yangu alinitazama kwa mshangao. Niliuondoa mkono. Ndege walianza kurudi, mmoja mmoja.

"Piga tena, mwanangu," nikamwambia. "Piga kwa nguvu."