Kutoka Mabela hadi Bustan na Chakula cha Mama yake Pim

Ndugu zangu wa Muheza mmekuwa mkiniuliza huku Maskati Ijumaa natembelea wapi. Kusema kweli, miaka ile ya mwanzo nilikuwa siendi popote. Ijumaa ilikuwa siku ya kufua na kulala. Lakini ipo safari moja ambayo sijaisahau. Tulitoka asubuhi tukarudi jioni, na wala hatukutoka nje ya mji. Kilichotutoa nyumbani kilikuwa msiba.

Pim alikuwa Mthai, mwenzangu katika saluni ya kina mama pale Mabela. Yeye alishughulika na kucha na kukanda miguu, mimi nikisuka na kupaka hina. Tulilala chumba kimoja nyuma ya saluni na kuzungumza Kiarabu cha kuungaunga. Mama yake aliuza chakula kwa kigari cha kusukuma kando ya barabara kwenye mji mdogo kaskazini ya nchi yao, na kigari kile cha chakula ndicho kilichomlea Pim na kaka yake. Mama alipofariki ghafla, Idi ilikuwa imekaribia na ndege zimejaa. Nafasi iliyopatikana ingemfikisha kwao maiti akiwa ameshachomwa, maana hiyo ndiyo desturi yao. Pim akabaki. Siku ya mazishi kaka yake alishika simu karibu na watawa wa Kibuddha waliokuwa wakisoma dua zao, na Pim akasikiliza amechuchumaa stoo, katikati ya makopo ya shampuu. Kadi ya simu ikaisha kabla watawa hawajamaliza.

Tangu siku hiyo akawa hali chakula. Alifanya kazi, alijibu wateja, lakini sahani niliyomwekea usiku niliikuta asubuhi vile vile. Bi Zuwena, mwenye saluni, akaliona hilo. Huyu ni Mwomani mzaliwa wa Unguja, mtu wa maneno machache, na sisi tulimwogopa kidogo. Akamwita Pim, akamwuliza kwa Kiarabu anataka afanyiwe nini.

"Kwetu tunapika alichopenda marehemu, tunawapa watawa," Pim akasema. "Hapa hakuna watawa. Mama alipikia wapita njia. Nataka wapita njia wale, bila kununua."

Bi Zuwena akanigeukia. "Mwanaidi, Ijumaa msifue. Ntakuchukueni mie na gari yangu."

Ijumaa asubuhi, Mabela. Bi Zuwena alifika na jiko la makaa, kinu, mkeka, ndoo ya kuku waliochinjwa na chuma cha vitumbua kilichofungwa kwenye kanga kuukuu.

"Kasema ataka chuma chenye mashimo," akaniambia. "Miye nnacho hichi."

Pim alikipokea kwa mikono miwili, akapima shimo kwa kidole gumba. "Vyetu vidogo zaidi," akasema.

"Basi leo vitakuwa vikubwa."

Matrah tulifika soko la samaki bado limejaa, sakafu imelowa, watu wanasukumana. Tukapata kamba wadogo wakavu, ukwaju, nazi, pilipili, sukari guru na mchaichai. Papai bichi la kachumbari yao hatukupata. Kila muuzaji alitoa yaliyoiva, akashangaa mtu anayekataa papai tamu. Pim alisimama mbele ya fungu la matango kwa muda mrefu, nikadhani ameishiwa nguvu.

"Mama akikosa papai alitumia matango," akasema hatimaye, akaanza kuchagua. Yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyonena tangu Mabela.

Barabara ya kutoka Matrah kwenda Bustan inapinda kati ya vilima vikavu vya rangi ya kahawia, na bahari inaonekana na kupotea. Tulipita Sidab, kijiji cha wavuvi. Nyuma ya gari nilishika kinu kisigongane na jiko. Niliwaza mama yangu huko kwetu, nikamwombea kimya kimya.

Bustan, tulisali adhuhuri kwanza, mimi na Bi Zuwena, kwenye kivuli cha gari. Pim alikuwa ameshawasha makaa ufukweni, mbali kidogo na hoteli kubwa iliyopo pale. Akatwanga vitunguu saumu na pilipili, akatia sukari guru, ndimu, kamba wakavu, matango, na mchuzi wa samaki, ule wa kwao wa samaki waliovundikwa kwa chumvi, kutoka chupa yake mwenyewe. Harufu ya mchuzi ule ni kali. Bi Zuwena akaziba pua kwa shela. Kuku walikuwa wamelala kwenye tui la nazi na manjano, Pim akawachoma vijitini kama mishikaki, na karanga za kusaga pembeni. Halafu akamimina uji wa mchele na nazi kwenye chuma cha vitumbua. Niliposikia harufu ile nikajiona niko kwetu, jikoni kwa shangazi. Nikamwambia. Akaendelea kumimina.

Nilimwuliza kama mama yake naye alichoma kuku. Akasema hapana, alichoma nguruwe.

"Atakubali tukibadilisha?"

"Mama alipika anachokula mteja," akajibu.

Familia nyingi zilikuwa zimetandika mikeka ufukweni. Pim akavaa kitambaa safi kichwani, akachukua sinia, akaenda kwenye mkeka wa kwanza. Wakamwuliza bei. Akasema bure. Wakatazamana. Wakauliza nyama gani, nani kaichinja, mchuzi huu una nini, na Kiarabu chake hakikutosha kuyajibu yote. Wakamshukuru kwa adabu, wasichukue kitu. Mkeka wa pili ikawa hivyo hivyo. Wa tatu hakuufikia. Alirudi na sinia limejaa, akaliweka chini, akaanza kufunika sufuria.

"Turudi," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Bi Zuwena ndiye aliyesogea. Alikuwa hajaonja chochote tangu asubuhi. Akaketi mkekani mahali ambapo kila mtu anamwona, akajipakulia matango, akala. Pilipili ikamtoa machozi na makamasi, lakini hakuacha mpaka sahani ikabaki tupu. Kisha akajifuta, akabeba sinia mwenyewe hadi mkeka wa kwanza.

"Huyu binti kafiwa na mama yake naye yuko mbali na kwao," akawaambia kwa Kiarabu. "Kuku nimemnunua mimi, halali. Hii sadaka yake. Kaeni mle naye."

Palikuwa na bibi mmoja pale mwenye barakoa usoni, kama wavaavyo wazee wa huku. Akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Akaonyeshwa. Akainuka kwa taabu, akaja kwetu, akamshika Pim mkono. "Mungu akupe subira, binti yangu," akasema, akakaa.

Baada ya hapo walikuja wengi. Wanawake na watoto, madereva wa teksi wawili, wafagiaji wa ufukwe. Mimi nilionja kila kitu kwa zamu yake. Matango yalikuwa makali, matamu na machachu kwa pamoja, ulimi usijue ushike lipi. Kuku aliyeyuka. Vile vitumbua vyao juu ni laini kama uji na chini vinakauka vikawa na ukoko. Dereva mmoja alikula akarudi mara mbili, kila mara akiomba radhi.

Yule bibi alikuwa amekaa tu, anamtazama Pim anavyogeuza vijiti. "Na wewe umekula?" akamwuliza.

Pim akageuza kijiti kingine. Bibi akachukua kijiti cha kuku, akamtia mkononi. Pim akauma kidogo, akatafuna, akameza. Akauma tena. Machozi yakaanza kumtoka huku anatafuna, kisha akalia kwa sauti, mbele ya watu wote wale. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nilichukua vijiti, nikaendelea kugeuza kuku wasiungue.

Kurudi Mabela jua lilikuwa likizama nyuma ya vilima na Pim amelala kwenye kiti cha nyuma. Mimi nilikuwa nikiamini msiba una mahali pake, pale alipo maiti, na aliye mbali hana alichobakiwa nacho. Siku ile nilielewa kwamba mfiwa anahitaji watu wa kukaa naye na kula naye, hata wawe wageni wasiolijua jina la marehemu.

Mbele ya saluni Bi Zuwena alizima gari lakini hakushuka.

"Mamangu alifia Unguja, mie nipo huku," akasema kwa Kiswahili. "Khabari zilinifikia arubaini yake ishapita. Sikupika kitu. Nlikwenda kazini."

Pim alikuwa ameamka. Akaniuliza madamu anasema nini, nikamfasiria. Akainamia kiti cha mbele.

"Mwulize mama yake alipenda kula nini."

Nikauliza. Bi Zuwena alishika usukani, akatazama mbele kama mtu anayetafuta njia.

"Muhogo wa nazi," akasema. "Kwa papa mkavu."

Ijumaa iliyofuata Pim ndiye aliyekuna nazi.