Juu Hola, Chini Kipini

Mimi ni Mwanaarusi wa Kipini, na chai yangu ndiyo inayowaamsha abiria wa mabasi ya Lamu hapa Garsen. Asiyeipenda na apite. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mji huu wana midomo, na habari ya Mzee Gona wameshaichafua vya kutosha. Wapo wanaosema alikuwa mlevi. Wapo wanaosema alirogwa kwao. Wallahi nimechoka nao. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nitaisema ilivyokuwa.

Gona alikuwa mtu wa kijiji cha Wema, ng'ambo ya mto, Mpokomo wa mtoni, mrefu, mkimya, vifungo vya shati vimefungwa hadi shingoni hata jua liwe kali vipi. Alifanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta la Swaleh, kijana wa Malindi ambaye huja mara mojamoja kuliangalia duka lake na kurudi. Gona alipiga chapa barua za watu, alijaza fomu za serikali mtandaoni, alitoa kopi. Mkewe, Kahaso, alikuwa ameshafariki. Mwanawe Levis yuko Mombasa, na simu zake ni za sikukuu. Nyuma ya duka palikuwa na chumba chenye kitanda, huko ndiko alikolala.

Kila asubuhi alifungua duka kabla ya mtu yeyote. Watu walimsifu kwa bidii. Bidii gani? Alifungua mapema ili asikie watu. Aliniambia mwenyewe siku moja nilipompelekea chai: "Mwanaarusi, kule chumbani hata panya hawaji."

Sasa sikilizeni. Mzee Gona alikuwa haoni.

Si kwamba alizaliwa hivyo. Macho yalianza kumpungua baada ya msiba wa Kahaso, pembeni kwanza, halafu katikati, mpaka giza likamfunika. Ukimtazama usingejua, kwa kuwa macho yenyewe yalikuwa mazuri tu, meusi, yanakuelekea unapozungumza. Mimi nilijua siku aliponishukuru kwa chai ambayo sijaiweka bado. Nikajitia hamnazo. Nilijua kwamba Swaleh akipata habari, mzee huyu atarudishwa Wema kwenye nyumba tupu, na duka lile ndilo lililokuwa limebaki kumfanya mtu miongoni mwa watu. Basi nilinyamaza, na sijutii.

Mtaniuliza, asiyeona anafanyaje kazi ya kompyuta? Kupiga chapa si tatizo, vidole vyake vilijifunza kwenye mashine za zamani, zile za kugonga, na vidole havisahau. Akimaliza barua humwambia mwenye barua, "Hebu nisomee, nisikie kama ndivyo ulivyotaka." Watu waliona ni adabu. Fomu nazo alizijua kwa moyo, kitufe hiki baada ya kile. Tatizo lilikuwa kuzifungua hizo programu. Skrini imejaa vijipicha, na kipanya kinataka jicho la kukiongoza.

Hapo ndipo lilipomsaidia duara lake. Kabla macho hayajaisha, fundi mmoja wa Hola aitwaye Huka alikuwa amemwekea kitu kwenye ile kompyuta. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, na duara linachomoza palepale mshale ulipo, limegawanyika kama chapati iliyokatwa vipande, na kila kipande ni programu yake. Huhitaji kulitafuta, lenyewe linakufuata ulipo. Ukisukuma mkono kidogo kuelekea kipande unachotaka, kinafunguka. Huka aliliweka kwa ajili ya kurahisisha tu. Gona ndiye aliyeona mbali, kama inafaa kusema hivyo. Aliomba afundishwe kupanga vipande mwenyewe.

Na alivipanga kwa mto. Watu wa mtoni ndivyo walivyo, kwao juu ni mto utokako na chini ni mto uendako. Mimi nilimzoea. Nikimwekea kikombe vibaya huniambia, "Kisogeze juu kidogo," na maana yake nikisogeze upande wa Hola. Meza yake ilitazama ukuta wa nyuma, ambao unaelekea huko juu. Basi fomu za serikali akaziweka juu, Hola, kwenye ofisi za kaunti. Kutoa karatasi kwenye printa akakuweka chini, Kipini, mto unakoingia baharini na kazi inakoishia. Kushoto, upande wa nyika kwa wafugaji, akaweka vibali vya kusafirisha ng'ombe. Kulia ni ng'ambo, kwao Wema. Huko sikujua ameweka nini, wala sikuuliza.

Alikaa hivyo muda mrefu, mkono wake ukipanda na kushuka mto siku nzima, na hakuna aliyeshuku. Watu wakija anawauliza habari za mvua, za ndugu, za barabara. Mteja akichelewa kuondoka, uso wa Gona unakunjuka kwa furaha mpaka unaona haya kumtazama. Saa za mchana, mji ukilala kwa joto, alikuwa akigonga ukuta wangu kwa kidole, taratibu, ajue tu kama nipo. Namjibu kwa mwiko kwenye sufuria.

Halafu Swaleh akaja na rangi. Duka lipakwe, lipendeze, mteja akiingia aone uso wa mtu na si mgongo. Meza ikageuzwa ikatazama mlango. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua sukari. Niliporudi na kuona vile, moyo ulinipasuka, kwa maana sasa mzee alikuwa ameupa mgongo mto wa juu.

Alijua meza imegeuzwa, si mjinga. Alikuwa ameipapasa, akakaa, akafunga kile kifungo cha shingo. Lakini mkono wa mtu wa mtoni hausikii habari ya kulia na kushoto, unasikia mto.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Guracha, Muorma, ametoka malishoni na fimbo yake. "Mimi nataka karatasi ya ng'ombe tu," akasema. "Napeleka soko." Swaleh alikuwa amesimama nyuma ya meza anafuta rangi mikononi. Mimi niko mlangoni na chai, siingii, sitoki.

Gona akabonyeza. Mkono wake ukaelekea nyika, kama siku zote. Ila sasa nyika ilikuwa kuliani mwake, na kulia kwenye skrini ni ng'ambo. Ikatoka sauti ya mwanamke.

"Gona, ukitoka huko pitia kwa Dado unichukulie samaki. Usilete wale wadogo wa jana, miba tupu. Halafu mvua inakuja, usikawie."

Ilikuwa sauti ya Kahaso. Gona alikuwa amezihifadhi humo salamu za sauti alizomtumia kwa simu. Guracha akaangalia huku na huku kumtafuta mwenye sauti. Swaleh akacheka kidogo, bila ubaya. "Siyo hiyo, mzee. Vibali viko hapo kushoto, si unaona?"

Gona akabonyeza tena, na mkono ukaenda kulekule. Kahaso akaanza upya: "Gona, ukitoka huko pitia kwa Dado."

Swaleh akaacha kucheka. Alinyoosha mkono, akaupitisha mbele ya macho ya mzee, polepole, akaurudisha. Gona hakupepesa.

"Ni nani huyo anazungumza?" Guracha akauliza.

"Mke wangu," Gona akasema. "Alikufa."

Guracha akavua kofia yake. "Mungu amrehemu," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi, hakutaja ng'ombe tena.

Swaleh si mtu mbaya, nalisema hilo ijapokuwa siku ile nilimkata jicho. Alimuuliza mzee kwa upole tangu lini. Nikaingilia, nikamwambia airudishe meza tu ilivyokuwa na yataisha. Akanigeukia. "Mwanaarusi, watu wananiletea vitambulisho vyao. Akituma cha mtu pasipofaa nitamwambia nini?" Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Gona alisema neno moja tu la kujiombea. "Basi niache nikae hapa. Sitagusa kitu. Nikae tu niwasikie."

Swaleh aliangalia viatu vyake. "Duka ni dogo, mzee."

Nilimwambia aje akae kwangu kibandani. Akakataa. Akaniambia mtu hukaa mahali pake pa kazi, na asiye na kazi amekaa njiani mwa watu. Nilimfokea, nikamwita mkaidi, halafu nikaenda nyuma ya jiko nikalia.

Siku iliyofuata nilimpeleka Wema. Mpwa wake Changawa alikuwa ameahidi kumletea chakula jioni, baada ya shamba. Tulipovuka na kushika njia ya kijiji, Gona aliuachia mkono wangu akatangulia mwenyewe, hakukosea hata mkunjo mmoja. Nilifurahi kidogo. Nikajiambia labda huku atapona upweke, huku ndiko anakokujua.

Akafika kwenye mlango wa nyumba yake. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, nilimwona akiushika. Lakini alisimama akapiga hodi.

Akangoja. Akapiga ya pili. Ya tatu aliisema kwa sauti ndogo. Kwetu sote, mwenye kupiga hodi tatu asijibiwe hugeuka akaenda zake, na Gona aligeuka kweli, akanielekea bila kujua nimesimama karibu kiasi gani.

"Karibu," nikasema.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mwanaarusi. Hakuna mwingine, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akafungua mlango, akaingia.