Nyanya Alipoamia Usingizi Wangu

Juzi nilishuka Kulesa kwenye mazishi ya jirani, nikasema ngoja nipite pale palipokuwa shamba la nyanya yangu. Ewe ndugu yangu! Mathenge matupu, ile miti ya miiba. Hata mahali pa dungu letu sikupatambua, lile jukwaa la miti tulilokuwa tukipanda kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasimalize mpunga.

Nikitoka shule nilikuwa naenda moja kwa moja shambani. Nyanya ameniwekea ndizi za kuchemsha na kipande cha kambare, na nikishiba hanipi debe nipige kufukuza ndege. Kwanza nimsomee nilichofundishwa, halafu nilale. "Somo la leo ndiyo kwanza limepandwa," alikuwa akiniambia. "Ukianza kurukaruka sasa, ndege watalila." Na yeye mwenyewe darasa hakuwahi kuliingia.

Mwaka huo tebo ya saba, ile ya kuzidisha, ilinitoa jasho. Mwalimu akasema wazi: kesho nisipoisema yote, narudishwa darasa la mdogo wangu. Mdogo wangu, aliyekuwa bado anafuta kamasi kwa mkono wa shati! Nililia njia nzima. Nyanya akanisikiliza, nikakwama, nikarudia, nikakwama tena, mpaka akasema, "Basi, mjukuu wangu. Lala." Sikutaka, lakini kwa joto lile na harufu ile ya mpunga unaoiva, ningebisha mpaka lini?

Nilipozinduka jua lilikuwa limeshuka. Ndege tele, na shamba kimya. Debe liko miguuni pangu. Nikachungulia: nyanya anakimbia kwenye matope, kichwa wazi, anapepea leso huku na huku, mdomo ameufumba. Hakutaka kuniamsha. Upande wa mtoni mpunga ulikuwa umeshaliwa, na mama wa shamba la pili akamcheka, "Mwenzangu, mwaka huu unafuga ndege?"

"Wacha wale," akajibu akihema. "Mtoto amelala."

Kesho yake niliitiririsha tebo nzima, nikabaki darasani mwangu.

Siku hizi naishi Garsen, nina kitanda kizuri na simu isiyojua mtu amechoka. Nasoma jambo jioni, asubuhi limeshapotea. Naambiwa nizime simu nilale. Nazima, na bado nageukageuka. Tebo ya saba ninayo mpaka leo, wallahi, hata uniamshe ghafla. Nyanya ndiye sinaye, na tangu aondoke hakuna tena aliyenifukuzia ndege ili nilale.